Ukoka Uliokataa Maji

Siku mliyoniaga kwa kustaafu mlinipa saa ya ukutani, doti ya kitenge na swali. Saa ilisimama wiki hiyohiyo, kitenge nimeshakishona, lakini swali bado linanikera. Aliyeliuliza ni Salma, akiwa na sahani ya pilau mkononi: mbwa akikojolea majani ya mteja yakaungua, mtu afanyeje? Wengine mlicheka. Nami nikacheka, nikasema ni jambo dogo, nitawaandikia. Nilidhani litaisha kwa ukurasa mmoja. Nimekaa hapa barazani kwangu tangu mvua za vuli, nachana karatasi na kuanza upya, kwa sababu kila nikifika kwenye nyumba ya Bibi Eliamini kule Raskazone kichwa kinanizunguka kama kilivyonizunguka wakati ule.

Nani alipandishwa cheo na lini, hayo ulizeni ofisini. Majani hayajui cheo cha mtu. Mimi nitaanza pale nilipoanzia.

Nilizaliwa kwenye kambi ya mkonge huko Mwera. Baba yangu alikuwa Mshambaa aliyeteremka kutoka milimani kuja kukata mkonge kwa muda mfupi, akasahau kurudi. Kazi yangu ya kwanza ya bustani niliipata Pangani mjini, kwenye nyumba ya wageni isiyo mbali na kivuko. Nilikwenda nimevaa viatu vipya, nikidhani nitapewa maua nipande. Mtunza bustani wa pale, Mzee Mhina, hakunipa hata reki. Aliniambia nichuchumae katikati ya majani nitazame mpaka atakaporudi, kisha akaenda kunywa chai. Aliporudi akaniuliza nimeona nini. Nikasema nimeona majani. Akasema nitazame tena, akarudi kwenye chai yake.

Nilichanganyikiwa, na miguu ikafa ganzi. Nilijiuliza kama huyu mzee ana akili timamu au kama ni mimi niliyekosea nyumba. Lakini ukichuchumaa sana, vitu huanza kujitokeza. Niliona kuwa ukoka wa chini ya minazi ulikuwa mwembamba. Niliona ujia ambao wapishi walikuwa wakikatiza kwenda jikoni. Halafu nikaona baka la manjano lenye ukubwa wa sahani, limekauka katikati, na pembeni limezungukwa na duara la kijani kilichokolea kuliko majani yote ya uwanja. Nilipomwonyesha Mzee Mhina lile baka, kwa mara ya kwanza siku hiyo alikaa chini.

"Hapo kakojoa mbwa," alisema. "Kamwaga mbolea ya shamba zima mahali pa sahani moja. Katikati imeunguza, pembeni imelisha."

Hilo ndilo somo lenyewe, Salma, na kama una haraka unaweza kuishia hapo. Mkojo wa mbwa ni mbolea iliyozidi. Ukimwaga konzi ya urea mahali pamoja utapata baka lilelile. Ndiyo maana dawa yake ni maji, tena mengi na mapema: mbwa akiinuka tu, wewe mwaga, ule mkojo ushuke na kutawanyika kabla jua halijakolea. Ukisubiri mpaka mchana unaosha maiti. Jike huleta mabaka mengi kuliko dume, si kwa ubaya wake, ni kwa kuwa huchuchumaa akamwaga yote pamoja, wakati dume huinua mguu akagawia mti huu kidogo na ule kidogo. Majani yaliyofyekwa mpaka udongo ukaonekana huungua upesi, kwa hiyo msiyanyoe kama mnanyoa kichwa cha mtoto. Na mwenye nyumba akikubali, tengeni kona moja, mwageni mchanga na kokoto, mbwa apelekwe pale kwa kamba kila asubuhi mpaka azoee. Mbwa huzoea haraka kuliko mwenye mbwa.

Nimeona watu wakimwaga majivu, siki, magadi, hata maji ya kuoshea mchele. Mama mmoja alisikia kwamba nyanya zinapunguza ukali wa mkojo, akamlisha mbwa wake nyanya mpaka akaharisha uwanja mzima, sasa tukawa na matatizo mawili. Mambo ya chakula cha mbwa mwachieni daktari wa mifugo. Sisi kazi yetu iko chini ya mbwa.

Mzee Mhina alikuwa na tabia nyingine ambayo niliiona ni kituko. Hakumwagilia maji ya kisima chochote kabla hajayaonja. Alichota kwa kiganja, akasukutua, akatema, akasimama akifikiri kama hakimu. Alisema visima vya huku pwani havina msimamo, leo vitamu, kiangazi kikikaza vinaingia chumvi. Mimi nilipohamia Tanga mjini nikakuta kila nyumba ina bomba, nikaona uonjaji wa maji umebaki Pangani pamoja na kivuko.

Sasa nije kwa Bibi Eliamini.

Nyumba yake ni mojawapo ya zile za zamani za Raskazone, kuta nene na veranda pana, bahari ipo nyuma ya ukuta. Bibi mwenyewe alikuwa muuguzi mstaafu, Mpare, Mlutheri wa kukaa benchi la mbele. Mumewe alipofariki alimwachia vitu viwili alivyovipenda sana: uwanja wa ukoka mbele ya nyumba, na mbwa jike wa rangi ya karanga ambaye jina lake, bila kusumbuka kutafuta, lilikuwa Karanga. Marehemu alipokuwa hai aliamka kila alfajiri na mpira wa maji, akimfuata mbwa nyumanyuma, na kila mbwa alipochuchumaa, alipamwagia maji pale. Watu wa mtaani walidhani ni uzee. Alipoondoka yeye, hakuna aliyeamka kushika mpira, na mabaka yakaanza. Kampuni yetu ya bustani ikanituma.

Bibi alikuwa na mtoto mmoja, Elibariki, anayeishi Dar es Salaam. Binti yake Elibariki alikuwa anakaribia kupata kipaimara, na familia ilikuwa imeshaamua sherehe ifanyike kwa bibi, kwenye uwanja wa marehemu babu, na mahema na wageni wa kanisani. Elibariki alipokuja kukagua akakuta uwanja una mapunye. Akauliza sababu, mama yake akamwambia ukweli kwamba ni mbwa. Basi akatoa uamuzi wake, kwa upole lakini uamuzi: majani yawe yamepona kabla ya sherehe, ama sivyo Karanga atapelekwa kwa rafiki yake mwenye shamba la kuku huko Korogwe, akalinde. Karanga alikuwa ameshazeeka. Alikuwa na mvi mdomoni na hakuwahi kufungwa kamba ya kudumu maisha yake yote. Sote tulijua kwamba kule hatamaliza mwaka.

Bibi hakubishana na mwanawe. Aliniita verandani nilipokuwa nanoa fyekeo, akaniambia niketi.

"Mama Neema, mimi usiku nasikia kucha zake sakafuni, ndiyo najua nyumba ina mtu," alisema. "Akiondoka huyu nitasikiliza nini?"

Nilimwambia majani yatapona, maana nilikuwa nimeshaponya mabaka ya mbwa nyumba nyingi na niliamini nasema kweli.

Tatizo lilikuwa saa. Usiku wa manane Bibi alimfungulia Karanga mlango akarudi kitandani, alfajiri mbwa akakojoa, na mimi nilifika jua limeshapanda. Aliyekuwapo saa hizo ni mlinzi wa usiku, Mzee Athumani, Mdigo wa upande wa Moa. Alikuwa amelinda nyumba ile tangu Karanga ni mtoto, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumgusa. Mwislamu wa pwani na mate ya mbwa mnajua wenyewe. Mzee Athumani alikuwa na ndoo yake, kikombe chake na mkeka wake wa kusalia ambao aliutundika juu kwenye msumari ndani ya kibanda. Karanga akimsogelea, aliinua kanzu kidogo na kusema bila hasira, "Pita huko, bibi wee." Karanga alipita huko, akalala hatua chache mbele ya kibanda, na hivyo ndivyo walivyolinda nyumba, kila mmoja na upande wake.

Nilimwomba Mzee Athumani kwamba kila Karanga atakapokojoa, amwage maji pale pale, tena asiyaonee huruma. Akasema kazi hiyo anaijua vizuri, nisiwe na wasiwasi. Jibu lile lilinishangaza kidogo, maana sikuwahi kumwona akimwagilia hata mchicha.

Lakini alitimiza. Kila nilipofika asubuhi nilikuta mahali pamelowa chapachapa. Nikafurahi, nikarudi ofisini nikawaambia kazi ya Raskazone imekwisha. Haikupita muda mrefu nikaanza kuona mambo nisiyoyaelewa. Mabaka hayakupona. Yaliongezeka ukubwa. Tena hayakuwa mabaka niliyoyazoea: hayana duara la kijani pembeni, ni kijivu tupu, na ncha za majani ya jirani zimekuwa kahawia kama zimepitishwa kwenye moto wa kibatari. Nikamwambia Mzee Athumani aongeze maji. Akaongeza. Yakazidi kufa.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa hasa. Dawa iliyoponya kila nyumba niliyopita, hapa ilikuwa inaua. Nilichimba kutafuta funza wa mizizi, sikukuta. Nilitafuta mchwa. Nilinusa kama kuna mafuta ya jenereta yaliyomwagika. Nilimuuliza Bibi kama anampa Karanga dawa yoyote, akaniambia Karanga anakula wali na dagaa kama yeye. Nikafikiri labda kuna mbwa wa pili anayeingia, lakini geti lilikuwa zima na mlinzi alikuwa macho. Nikaanza kugombana na Mzee Mhina kichwani, naye alikuwa ameshazikwa zamani, nikimwambia kumbe ulinidanganya.

Nilichuchumaa kama alivyonifundisha. Nilichokiona kilinichanganya zaidi: juu ya kila baka kulikuwa na udongo kidogo, mwekundu, kiasi cha konzi, umepakwa na kukaukia kwenye majani. Nani anaweka konzi ya udongo kwenye kila baka la mbwa? Nilidhani ni kuku, lakini Bibi hakufuga kuku. Nilidhani ni Karanga mwenyewe anafukia kama paka. Nilikaa nikimtazama yule mbwa mchana kutwa, naye akanitazama, mpaka Bibi akatutuma wote wawili tuhamie kivulini.

Elibariki alikuwa akipiga simu kila wiki kuuliza maendeleo. Nilimwambia yanaendelea. Sikumwambia yanakoendelea.

Kisha bomba kuu lilipasuka huko lilikopasuka, na Raskazone nzima ikakaa bila maji. Siku ya kwanza sikufikiri kitu. Siku iliyofuata nilifika nikavuta mpira wa maji, mkavu. Nikafungua bomba, likakohoa tu. Nikageuka kutazama uwanja, na mabaka yote yalikuwa yamelowa chapachapa kama kawaida.

Nilisimama pale na mpira mkavu mkononi. Mzee Athumani alikuwa hajaondoka, yupo mlangoni mwa kibanda anakunja mkeka wake. Nikamwendea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama Neema. Waonaje hali?"

"Hali sijui. Bomba halitoi maji tangu jana. Haya ya kwenye majani yametoka wapi?"

"Kisimani," alisema, akaelekeza kidole nyuma ya nyumba.

Kile kisima nilikijua. Kilikuwa karibu na ukuta wa upande wa baharini, na kilitumika kuoshea veranda na kumwagia chooni maji yakikatika. Nilimuuliza ameanza lini kuchota huko. Akasema tangu siku ya kwanza nilipomwomba.

"Mie mpira ule siushiki, mama," alinieleza kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi. "Huyu mbwa kila asubuhi aulamba mdomoni akisikia kiu. Nikiushika nami niende nikasali na mikono hii? Ndoo ninayo yangu, kamba ninayo yangu, kisima kipo."

Nikamuuliza kuhusu udongo. Hapo akafurahi, akaacha mkeka, akanipeleka mpaka uwanjani anionyeshe. Alikuwa akifuata sheria kama alivyofundishwa madrasa akiwa mtoto huko kwao: najisi ya mbwa huoshwa mara saba, na moja kati ya hizo kwa udongo. Aliniambia alisumbuka kidogo na suala la udongo, kwa kuwa ardhi yenyewe ni udongo tayari. Lakini akaona ukoka ni mmea, si ardhi, na yeye huukanyaga kila alfajiri akitoka kuzunguka nyumba kabla hajasimama kwenye mkeka. Akaamua bora azidishe kuliko apunguze.

"Wewe uliponiambia nimwage maji, tena mengi, mie nikasema moyoni, huyu mama Mkristo lakini kumbe ajua," alimaliza.

Nilikwenda kisimani moja kwa moja. Nilichota kwa ndoo yake, nikainama, na mkono ukakinga kiganja wenyewe kabla sijaamua. Nikasukutua. Nikatema. Hayakuwa chumvi ya bahari, yalikuwa kama mchuzi uliotiwa chumvi na watu wawili wasioambiana. Kiangazi kilikuwa kimekaza, na bahari ilikuwa imeingia kisimani kimyakimya.

Basi kila kitu kikanifungukia, na papo hapo kikanifunga tena. Kwa sababu, Salma, alichokuwa akikifanya Mzee Athumani ndiyo dawa yenyewe. Sijawahi kuona mtunza bustani anayemfuata mbwa papo hapo, tena kila siku bila kukosa, akamwaga maji mara nyingi kiasi kile. Marehemu mwenyewe hakufikia hapo. Mzee wa watu alikuwa amefanya sawasawa kuliko sisi sote, na kwa zile mara saba zake alikuwa anazika chumvi kwenye mizizi. Nilishindwa kujua nicheke au nilie. Nilikasirika pia, sijui nimkasirikie nani.

Nilimpa ayaonje. Alisukutua, akatema, akageuka kuutazama uwanja.

"Basi si mbwa," alisema.

"Mwanzo alikuwa mbwa, mzee."

"Mwanzo. Lakini hivi sasa ni mie."

Nilimwambia hakuna aliyejua, na kwamba kwa maji matamu kazi yake ingekuwa tiba. Aliondoka na ndoo yake, na siku ile hakuniaga.

Maji ya bomba yaliporudi tulifanya yafuatayo, na hapa ndipo mchukue kalamu. Tuliufurikisha uwanja kwa maji matamu mfululizo, ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Nilikwangua majani yaliyokufa, nikatoa udongo wa juu uliokuwa na ukoga mweupe, nikaleta mpya, kisha nikapandikiza vipande vya ukoka kutoka nyuma ya jiko, ambako Karanga hakupenda kwenda. Nilimwekea Karanga beseni lake la maji ili aache kulamba mpira. Nikanunua mpira mpya, mwekundu, nikautundika kwenye msumari juu kabisa, karibu na mkeka wa Mzee Athumani, na ule haukuguswa na ulimi wa kiumbe yeyote. Yeye akaendelea na mara saba zake na udongo wake kwa maji ya bomba. Mahali pote alipopita baada ya hapo, hapakuota baka hata moja. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote na sijaona kitu kama kile.

Lakini ukoka hauna habari na kalenda ya kanisa. Kipaimara kilikuwa kimekaribia, na uwanja nusu yake ulikuwa kijani, nusu udongo mwekundu wenye mistari ya vipandikizi kama nywele zilizosukwa zikaachwa njiani.

Asubuhi moja nilipofika nilikuta gari dogo la mizigo limeingia getini. Elibariki ameshuka, na pamoja naye mtu mwenye kamba. Nilimkimbilia nikamweleza habari ya kisima, chumvi, kiangazi, vipandikizi. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Mama Neema, mimi naona udongo," alisema. "Wageni nao wataona udongo. Na mbwa akibaki, mwakani tutaona udongo tena."

Nilimtazama Bibi, aliyekaa verandani na kanga magotini. Alikuwa ameshamwambia mwanawe neno lake mara moja, faraghani, na hakuwa mtu wa kulirudia mbele za watu. Alitazama chini. Niliona uchungu sana, na niliona aibu, maana nilikuwa nimempa ahadi kwenye veranda ileile.

Yule mtu alimvisha Karanga kamba shingoni. Karanga hakubweka. Alilala tu chini, kama wanavyolala mbwa wazee wakitaka mambo yapite, na alipovutwa aliburuzika juu ya vipandikizi vyangu, mate yakimtoka kwa kukabwa.

Mzee Athumani zamu yake ilikuwa imekwisha zamani, lakini alikuwa bado ameketi kwenye kibanda na kanzu yake safi. Aliinuka. Alikatiza uwanja bila kuharakisha, akaichukua kamba mkononi mwa yule mtu, na yule mtu akamwachia. Kamba ilikuwa imebana chini ya taya. Mzee akapiga magoti, akaingiza vidole chini ya taya la mbwa akailegeza. Karanga akamlamba, kutoka kiganjani mpaka karibu na kiwiko.

Bibi aliinuka kwenye kiti. Mzee Athumani alitazama mkono wake, umelowa, unang'aa. Kisha akauweka mkono uleule juu ya kichwa cha mbwa, akauacha hapo.

"Mwanangu Elibariki," alisema, "majani haya nimeyaunguza mie, kwa maji ya kisima, kwa mkono wangu huu. Kama kuna wa kupakiwa garini, nipakie mie."

Elibariki hakutazama majani. Aliutazama ule mkono. Amekulia Tanga yule, amecheza na watoto wa Kiislamu, hakuhitaji kuelezwa ameona nini. Alisimama pale akizungusha funguo za gari kidoleni. Mwishowe alimgeukia mtu mwenye kamba akamwambia aende jikoni akanywe chai, halafu akapanda ngazi za veranda akaketi karibu na mama yake. Sikusikia walichosema. Niliona tu Bibi amemshika mkono.

Sherehe ilifanyika. Mahema yaliwekwa upande wa kijani, wageni wa ziada wakakanyaga udongo, na kama kuna aliyelalamika alilalamika baada ya kushiba. Karanga alilala chini ya meza ya keki.

Lakini nirudi asubuhi ile. Gari lilipotoka, Mzee Athumani alikwenda kwenye bomba, mkono ameunyoosha mbali na kanzu. Hakuweza kufungua koki kwa mkono ule, wala kushika mpira. Nikautungua ule mpira mwekundu msumarini, nikafungua maji, nikammiminia. Alisugua mara moja kwa udongo, kisha maji, kisha maji. Midomo yake ilikuwa na maneno mengine, kwa hiyo kuhesabu nilihesabu mimi, binti wa Kilutheri kutoka kambi ya mkonge. Nilipofika saba nikafunga.

Nilimuuliza. Nisingeweza kulala bila kumuuliza. Nilimwambia, mzee, miaka yote hii humtaki karibu. Leo alikuwa anaondoka mwenyewe, ungesali kwa raha zako. Kwa nini?

"Kosa nifanye mie, aende yeye?" alisema, akikung'uta maji mkononi. "Na usiku niamshane na nani?"

Karanga alikuwa amejikongoja mpaka pale tulipo, kamba bado inaning'inia shingoni, anataka kulamba tena. Mzee Athumani aliinua kanzu yake kidogo, akarudi nyuma hatua moja.

"Pita huko, bibi wee," alimwambia.

Akapita huko, akalala mbele ya kibanda, pale pale pake. Nimefikiri habari hii mpaka nimestaafu na bado sijui niiweke kwenye fungu gani. Wewe Salma, maji yaonje kwanza.